Kompyuta Nyepesi kwenye Njia ya Choma

Tabora

Mzigo wa mpagazi katika njia ya Bagamoyo na Unyanyembe ulifika frasila mbili, karibu kilo 32. Mizani ilikuwa pwani, kwa tajiri. Bega lilikuwa la Mnyamwezi. Mtumba wa merikani uliofungwa ovyo ulimchubua mtu kabla hajauvuka mto Kingani. Mtumba huohuo ukifungwa mrefu, ukakazwa, ukapata pa kukaa begani, ulifika Tabora, na uzito wake haukupungua hata ratili moja.

Nilishuka na fikira hiyo katika stesheni ya Tabora, mji ambao reli ya Wajerumani iliufikia mwaka 1912. Begi langu lilikuwa na flashi kadhaa, kila moja imebeba Linux yake, na daftari la kulinganisha. Sisi mafundi tunaozunguka na kompyuta za zamani tumekuwa watu wa mizani kwa muda mrefu mno. Tukikutana tunaulizana: hii inakula RAM kiasi gani? Ile inachukua sekunde ngapi kuwaka? Na majibu tunayo. Kati ya maeneokazi mepesi ya Linux, Xfce aliyoianzisha Olivier Fourdan katika miaka ya 1990, LXDE aliyoianzisha Hong Jen Yee wa Taiwan mwaka 2006, na LXQt iliyozaliwa baadaye kutokana nayo, zote huiamsha laptopu ambayo Windows 10 ilikuwa imeigeuza jiwe. Haja nazo imeongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na Windows 11 inadai RAM isiyopungua gigabaiti 4, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kompyuta za mtumba zilizojaa mikoani, nyingi hazifiki hapo.

Kwa hiyo suala la uzito tumelimaliza. La kufunga mzigo ndilo lililobaki, na ndilo nililolifuata huku bara.

Karibu na soko nilimkuta fundi amezungukwa na makasha ya kompyuta yaliyofunguliwa ubavu. Nilimuuliza kwa nini hawawekei wateja Linux, maana Windows anazoweka hazina leseni na nusu yake zinarudi na virusi. Hakuinua macho kwenye bisibisi yake.

"Ikirudi na virusi, kaka, nailipisha upya. Ukiweka hiyo yako, mteja atarudi kuniuliza kitu fulani kiko wapi. Swali la namna hiyo unalitoza shilingi ngapi?"

Nililiandika jibu hilo kama lilivyo. Nimesoma malumbano mengi kuhusu kwa nini Linux haijaenea katika kompyuta za watu wa kawaida, na sijaona lililokaribia ukweli kuliko hili. Kompyuta haijaharibika, lakini mwenye kompyuta amepotea ndani yake, na hakuna bei ya kumwelekeza.

Njiani

Kutoka Tabora tulifuata barabara ya Nzega, tukaiacha Puge na kushika njia ya Nkinga na Ziba. Mikokoteni ya ng'ombe, majaruba ya mpunga, baiskeli zilizobeba madumu. Basi lilisimama kila palipokuwa na mti na mtu chini yake, nami nikapata muda wa kulinganisha kwenye daftari.

Mfano mzuri wa eneokazi jepesi lililofungwa vizuri, nadhani, ni la Raspberry Pi, kile kikompyuta cha Kiingereza cha ukubwa wa kitambulisho kilichoanza kuuzwa Februari 2012. Hapa Tanzania kimeingia hadi darasani. Shirika la Powering Potential, lililoanzishwa na Mmarekani Janice Lathen, lilikipeleka katika shule za sekondari wilayani Karatu, kikiendeshwa kwa umeme wa jua, pamoja na maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Kikompyuta hicho hutumia wati chache tu, na ndiyo maana paneli za jua zinakimudu. Kinachonivutia mimi zaidi ni kile mwanafunzi anachokiona kioo kikiwaka.

Ndani yake mlikuwa na LXDE, ileile inayoonekana kavu na ya kifundi ukiipata mahali pengine. Mhandisi anayeitwa Simon Long alikabidhiwa kazi ya kuinyoosha, na mwaka 2016 akatoa sura mpya iliyopewa jina PIXEL. Uzito hakuugusa sana. Alibadilisha maandishi, nafasi kati ya ikoni, rangi, na maneno ya kwenye menyu. Baadaye akaongezwa mchawi (wizard) wa mara ya kwanza, anayekuuliza nchi yako, nywila yako na mtandao wako, kwa zamu, kisha anakuacha. Katika mipangilio ya sura kuna vitufe vitatu: kioo kikubwa, cha kati, kidogo. Unabonyeza kimoja, kila kitu kinajipanga. Mtu mmoja alikuwa na mamlaka ya kuamua, akaamua kwa niaba ya mtoto asiyejua hata kuna jambo la kuamuliwa.

Xfce ina tabia tofauti kabisa. Kwa miaka mingi, ukiiwasha mara ya kwanza ilikuwa inakusimamisha mlangoni: unataka mpangilio wa kawaida, au mkanda (panel) mmoja mtupu? Hebu fikiria mgeni ambaye hajui mkanda ni nini. Akichagua mtupu anaupata mtupu kweli, pasipo menyu, pasipo saa, pasipo njia ya kurudi anayoiona. Swali liliulizwa kwa heshima zote, na waliolitunga walidhani wanampa uhuru. Mimi naona walimtupia kazi yao.

Choma

Choma Chankola, wilayani Igunga. "Mwangaluka," nilisalimiwa na kila niliyempita asubuhi, mzee kwa kijana. Steshenari niliyoelekezwa ni chumba kimoja kinachotazama barabara: mashine ya fotokopi, printa ya Epson ya matenki ya wino, laptopu mbili za mtumba. Ukutani pamebandikwa orodha ya huduma, na orodha hiyo ni somo la utawala wa nchi kwa ufupi: NIDA, TIN, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya kazi Ajira Portal, matokeo, barua, passport size, kadi za michango.

Ukiisoma vizuri unagundua kwamba karibu yote, isipokuwa mawili ya mwisho, yanafanyika kwenye brauza, au kwenye karatasi ya kuandikia, au kwenye skana. Firefox ni ileile Choma na Chicago. Kwa hiyo mtu anayesema Linux haiwezi kazi za steshenari hajaisoma orodha ya ukutani.

Mwenye duka, dada mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alinikubalia kwa sharti moja. "Fundi, usinifutie kitu." Nikamwonyesha kuwa Linux inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa diski. Akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti, kijana wake wa kazi akasimama nyuma, nami nikafunga mdomo na kufungua daftari. Kumtazama mtu akitafuta kitu bila kumwambia kilipo ni kazi ngumu kuliko kukitafuta mwenyewe.

Xfce kama ilivyotoka kwa wenyewe: mkanda juu, mkanda mwingine mdogo chini katikati. Macho yake yalikwenda kona ya chini kushoto na kukaa hapo. Hakukuwa na kitu. Akasogeza mausi huku na huku, akasubiri, akaniangalia. Lubuntu, inayotumia LXQt tangu toleo la 18.10, ina mkanda mmoja chini na menyu pembeni kushoto. Hapo hakuuliza neno, alibofya. Tofauti ya hizi mbili katika RAM ni ndogo sana kuibishania, lakini moja ilimpokea na nyingine ilimwacha uani.

Cha kuudhi ni kwamba Xfce inayo dawa ndani yake. Kuna kiprogramu cha kuhifadhi mipangilio ya mkanda ambacho kina mpangilio tayari unaoitwa Redmond, unaofanana na ule aliouzoea. Kimewekwa ndani ya mipangilio, kati ya vingine vingi, na mwenye shida yake ndiye asiyeweza kukifikia. Nilikifungua, nikabofya mara moja, mkanda ukashuka. "Mbona hukuanza hivyo?" akaniuliza.

Kijana naye aligombana na madirisha. Alitaka kuliweka la barua kushoto na la tovuti kulia, anakili namba za kitambulisho, na kila akiukaribia ukingo wa dirisha mausi inaupita. Katika sura nyingi za Xfce ukingo huo ni mwembamba kama uzi. Wazoefu watakwambia ushike kitufe cha Alt na kuvuta kwa kitufe cha kulia cha mausi, dirisha litanyooka. Ni kweli, na ni maarifa ya siri. Nilichagua sura yenye kingo nene, tatizo likafa bila somo. Nikiwa na mamlaka ya Simon Long, sura nyembamba ningezificha zitafutwe na wanaozipenda.

Halafu majina. Dada aliifungua menyu akasoma kwa sauti: Thunar, Ristretto, Atril, Parole. "Hawa ni akina nani?" Mmoja ni wa mafaili, wa pili wa picha, wa tatu wa kusoma PDF, wa nne wa video. Menyu ya Whisker ina chaguo la kuonyesha kazi ya programu badala ya jina lake, nalo ukiliwasha orodha inasomeka na binadamu. Kwenye Raspberry Pi programu nyingi za kawaida huonyeshwa hivyo bila kugusa kitu. Mtengenezaji ana haki ya kumpa mwanawe jina analolipenda, lakini mlangoni kwa mgeni jina hilo lingesubiri nyuma ya maelezo.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kijana alipobofya kulia kwenye mkanda, akagusa neno la kuondoa, na alama ya mtandao ikatoweka. Intaneti ilikuwa bado hewani, lakini kwa macho ya duka zima ilikuwa imekatika, na mteja aliyekuwa akisubiri matokeo akaanza kukusanya nauli yake. Kuna alama ya kuufunga mkanda usisogezwe, na kuna kufuli la ndani zaidi ambalo msimamizi anaandika kwenye faili la mipangilio ili mtumiaji asiweze kuuvuruga hata akitaka. Hili la pili wanalijua wachache, nami kwa kompyuta ya duka ningelihesabu la lazima. Sehemu inayoguswa na watu wengi kwa siku moja haitakiwi kuvunjika kwa kidole kilichoteleza.

Nililotarajia kulitetea sana halikuhitaji utetezi. Mchana aliingia mwalimu na flashi yenye mitihani ya shule. Kwenye Windows ya laptopu nyingine ilionyesha kile ambacho kila mwenye steshenari nchini anakijua: folda zimegeuka njia za mkato, na nyaraka hazionekani. Kirusi huyo huificha folda halisi kwa alama ya Windows ya kutoonekana, kisha huweka mahali pake njia ya mkato yenye jina lilelile; ukiibofya umemfungulia mlango. Tuliichomeka flashi kwenye Linux. Linux haiitambui alama hiyo kama sababu ya kuficha kitu, kwa hiyo folda zote zilikuwa pale, na njia za mkato zimelala pembeni kama faili zisizo na kazi. Mitihani ikanakiliwa kwenye folda mpya, takataka zikafutwa.

"Kumbe vilikuwemo!" mwalimu akasema.

"Vilikuwemo, mwalimu," dada akajibu, kama aliyelijua hilo siku zote.

Kuanzia hapo aliacha kuniita kwa kila kitu. Mgeni huvumilia mengi akishaona faida moja ya kushikika, na wanaotangaza Linux kwa habari za uhuru wa programu wangeuza zaidi kwa flashi moja yenye virusi. Lakini pana upande wa pili wa flashi hiyohiyo. Linux hupenda kuweka data kwenye RAM kwanza na kuiandika taratibu. Upau wa kunakili unaweza kujaa wakati kazi bado. Mteja mwenye haraka ya bodaboda anachomoa, faili linafika nusu. Alama ya kutoa flashi kwa usalama ipo, ndogo, pembeni ya jina lake. Hiyo nayo ningeikuza mpaka ionekane kutoka barabarani.

Mitihani ya mwalimu ilileta jambo lingine. Ilikuwa imeandikwa kwa Word, maandishi ya Times New Roman, kurasa mbili kamili. LibreOffice hutumia badala yake Liberation Serif, maandishi yaliyotolewa na Red Hat mwaka 2007 yakiwa na upana uleule kwa kila herufi, hivyo swali la mwisho linabaki lilipo. Kwa Calibri kuna Carlito, kwa Cambria kuna Caladea. Yasipokuwemo, mtihani unamwagika hadi ukurasa wa tatu na mwalimu analipia karatasi za ziada. Matoleo mengine ya Linux huja nayo yote, mengine hayaji nayo ili diski ibaki nyembamba, na huo ndio wepesi wa kijinga: megabaiti chache zimeokolewa, imani ya mteja imepotea. Vivyo hivyo kuhifadhi. LibreOffice ikiachwa yenyewe inahifadhi kwa muundo wake wa odt, na barua hiyo ikifika steshenari ya Igunga mjini huenda ikakataliwa. Chaguo la kuhifadhi docx kila mara liko kwenye mipangilio. Nililiweka kabla sijasema lolote kuhusu miundo huria.

Barua za Kiswahili zilikuwa zimejaa mistari myekundu chini ya kila neno, kwa sababu kompyuta ilidhani ni Kiingereza kibovu. LibreOffice inayo orodha ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania, kazi ya Jason Githeko, na ukiichagua mistari inabaki palipokosewa tu. Msingi huo ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima yenye menyu za Kiswahili. Menyu za Xfce sikuzigusa. Tafsiri yake haijakamilika, na dada huyu anaitambua "Print" kwa sura yake kama anavyolitambua jina la duka lake.

Brauza nayo ina hesabu yake. Katika familia ya Ubuntu, Lubuntu ikiwemo, tangu toleo la 22.04, Firefox huja kama kifurushi cha snap, na kwenye diski ya zamani inayozunguka hufunguka kwa kusuasua. Linux Mint walizikataa snap tangu toleo la 20 mwaka 2020, Firefox yao ni ya kawaida. Kwa Choma ningechukua Mint yenye Xfce kwa sababu hiyo pekee, hata kama Lubuntu ilimpokea dada vizuri: mkanda wa Mint nao huja ukiwa chini, na mteja anayesubiri brauza anayahesabu mapigo ya saa. Skana ndiyo iliyonifurahisha bila masharti. Programu ya kuskani ina kitufe kimoja kikubwa, kurasa zinapangana zenyewe, zinatoka PDF moja tayari kupakiwa. Aliyeitengeneza alijua mtu amekuja kufanya nini.

Wapo wanaosema dawa ni kuivalisha Linux nguo za Windows mpaka zisitofautike. Mahali pa vitu, nakubali vifanane. Ukienda mbali zaidi ya hapo unamwambia mtu uongo atakaokudai. Kijana, baada ya mkanda kushuka, alibofya faili la kusakinisha lenye mwisho wa exe, lisifanye kitu, akarudia, akarudia tena kwa nguvu kana kwamba mausi ndiyo yenye kosa. Afadhali alama ya menyu iwe na sura yake yenyewe, imkumbushe kwamba yuko nyumba ya jirani.

Yale mawili ya mwisho kwenye orodha ya ukutani yalinishinda. Passport size dada anazipanga kwa Photoshop kwa hatua alizozikariri, mikono yake inakimbia kuliko macho yangu; GIMP ingeweza, lakini ni kuanza upya darasa la kwanza. Kadi za michango ziko kwenye Publisher, na LibreOffice Draw huzifungua huku maua yakihama kutoka kwa bibi harusi. Sikumshawishi. Laptopu moja ikabaki na Windows, ikakatwa kwenye intaneti, kazi yake picha na kadi. Ya pili, ile ya mlangoni, tukaiwekea Mint kwenye diski baada ya kuhamisha kila kitu chake, mkanda umefungwa, maandishi yamekuzwa, juu ya kioo ikoni nne tu: intaneti, barua, skana, flashi.

Wakati napanga begi, tangazo jipya lilikuwa limeshaprintiwa na kubandikwa chini ya orodha: flashi zote zianzie kompyuta ya mlangoni. Chini yake, kwa kalamu ya kijana, kufufua folda zilizopotea, shilingi 1,000.